Amplifaya ya gitaa kavu kwa kumbi ndogo: nilichagua kwa uzito, gunia la mkaa likanizindua

Wakuu, poleni na mihangaiko. Wanaostahili shikamoo, nawaamkia. Tunaolingana, mambo vipi.

Kuna mdau juzi kauliza humu anunue amplifaya gani ndogo ya kubeba, ya gitaa kavu, kwa ajili ya kupiga kwenye sehemu ndogo ndogo. Akajibiwa kwa majina ya kampuni tu. Huyu anasema chukua hii, yule anasema hiyo takataka chukua ile. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza: mkuu, unapigia wapi, na watu wa huko wakifurahi huwa wanafanyaje?

Nikaona nisipoandika nitapasuka.

Hiki kisa kilinikuta mwenyewe, hapa hapa Singida. Wanaonijua wanajua huwa naongeza chumvi. Leo chumvi nitaiweka pembeni ya sahani, anayetaka achovye, ila nyama ni ya kweli.

Twende.

Ni miaka ya tisini, biashara huria imeshaingia. Vijana wa sasa hamwezi kuelewa. Sisi tulitoka kwenye kupanga foleni ya sabuni, ghafla tukaamka asubuhi mjini kila mlango ni duka. Mtu jana alikuwa anauza vitunguu, leo ana duka la redio na amevaa miwani ya jua ndani ya duka.

Vitu vilitoka Dubai, vingine tukaambiwa vimetoka Dubai, na vingine sidhani kama hata Dodoma vilifika.

Feki zikawa nyingi kuliko nzi. Pasi unaichomeka, inapoa. Feni linageuka upande mmoja halafu linakutazama.

Hapo ndipo Singida nzima tukawa mafundi wa kupima. Kipimo kilikuwa kimoja: unanyanyua. Kikiwa kizito, orijino. Kikiwa chepesi, feki. Hakuna aliyetufundisha. Ukiingia dukani mkono wenyewe unakwenda, unanyanyua redio kama unapima kuku wa kununua, unatikisa kichwa, unarudisha. Mama yangu alinunua saa ya ukutani nzito mpaka ukuta ukaanza kuinama kumsalimia.

Shikeni hiyo habari ya uzito, tutarudi.

Mimi mchana nilikuwa kwenye mashine ya kukamua alizeti Utemini, jioni nilikuwa shuleni. Wakati huo ndiyo nimehitimu shule ya jioni, cheti bado kinanukia wino, kwa hiyo nilikuwa mtu hatari. Ukiniuliza saa, nakueleza jinsi jua linavyofanya kazi.

Na nilikuwa na gitaa kavu.

Nilipiga na binamu yangu Hawa, binti wa mjomba, anakaa Unyambwa. Mimi gitaa, yeye anaimba. Hawa hana sauti ya kelele. Ana sauti ya kuingia taratibu, ikishaingia humtoi. Anaimba Kiswahili, anaimba Kinyaturu, na nyimbo zake karibu zote yeye anaita, watu wanaitikia.

Kila Jumamosi mchana tulikuwa tunapiga kwa Mama Shukuru, pale Utemini. Alikuwa na mgahawa wenye ukumbi mrefu, mwembamba, kama behewa la treni. Sisi tunakaa mwisho wa huku, barabarani. Mwisho wa kule ni jikoni, kuna dirisha la kupitishia chakula, na yeye mwenyewe yupo hapo anakaanga kuku wa kienyeji. Kuku wa Singida sina haja ya kuwasifia.

Mambo yalikuwa mazuri mpaka baa ya jirani ikanunua redio ya kaseti mbili na spika kubwa kama makabati. Kuanzia siku hiyo sisi tukawa tunapiga, wateja wanaona midomo ya Hawa inafunguka na kufunga kama samaki.

Mama Shukuru akatuita.

"Wanangu, mimi nawapenda. Lakini siwezi kukaa na waimbaji wa kutazama."

"Mama, tunaleta amplifaya," nikasema. Hata sijui nilitoa wapi hayo maneno.

"Leteni. Mimi nitakuwa hapa hapa jikoni na mafuta yangu yanachemka. Nikisikia maneno ya wimbo, si kelele, maneno, Jumamosi ni yenu. Nisiposikia, naweka kaseti na mimi. Kuna kijana ameshakuja kuuliza."

Kwangu mimi Jumamosi ilikuwa raha. Kwa Hawa ilikuwa zaidi ya hapo. Baba yake, yaani mjomba, alishatamka mbele ya ukoo mzima kwamba mkitolewa pale kwa Mama Shukuru, hii habari ya kuimba iishe, Hawa arudi kwenye alizeti na uwele kama wenzake. Mjomba si mtu mbaya. Ila akisema kitu, hata mvua inasubiri kwanza.

Hawa hakulia wala hakulalamika. Aliniambia tu, "Binamu, wewe si ndiyo umesoma fizikia usiku? Haya, tuone."

Nikakusanya akiba yangu yote nikaenda dukani kwa Bwana Idi, karibu na soko. Huyu ndiye yule wa vitunguu niliyewaambia, na miwani yake.

Alikuwa na amplifaya mbili zenye tundu la gitaa na tundu la maiki. Moja kubwa, nyeusi, ina kona za chuma. Nyingine ndogo ya rangi ya kahawia, ipo rafu ya juu imeshika vumbi.

Wakuu, mnajua nilichofanya.

Nilinyanyua ile ndogo. Nyepesi kama ndoo tupu. Nikairudisha huku nacheka. Nikashika ile kubwa, mgongo ukalia kwaa. Nikasema hii ndiyo amplifaya, hii imetengenezwa na watu wenye akili.

Bwana Idi akaniambia, "Umechagua kiume."

Sikupeleka gitaa. Sikuichomeka pale dukani zaidi ya kuona taa inawaka. Sikumpeleka Hawa. Msomi mzima, nimenunua chombo cha sauti kwa kutumia kiuno.

Kuifikisha Utemini tulitumia mkokoteni, na tairi la mkokoteni likapasuka. Mwenye mkokoteni alinilaumu kama nimebeba reli.

Jumamosi ikafika. Tukaiweka sakafuni mbele yetu, nikachomeka waya wa pikapu, kale kadude ka kunasa sauti ya nyuzi, kwenye tundu la gitaa, Hawa akashika maiki. Nikapiga nyuzi mara moja tu. Jamani! Sauti nene, nzuri, ile redio ya jirani nikaona kama inaomba radhi.

Watu wakalipuka. Na hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu ndipo penyewe.

Sisi huku mtu akifurahi haketi kwenye kiti akapiga makofi. Anainuka. Anakuja mbele kutunza. Anacheza mbele ya mwimbaji, anamfuta jasho kwa kitambaa, anamvika kanga, akina mama wanapiga vigelegele, na akija mmoja wanakuja wote, na wakija hawaondoki. Baada ya nyimbo mbili tulikuwa tumezungukwa, sioni hata meza. Nikajisemea, tumeshinda, Mama Shukuru akalie kaseti zake.

Tulipopumzika nikaenda jikoni natembea kifua mbele. Mama Shukuru alikuwa anageuza kuku.

"Vipi mama?"

"Vipi nini? Mnaanza saa ngapi?"

Nikadhani ananitania. "Mama, tumeshapiga nyimbo nne!"

"Mimi nilisikia mlipoanza. Halafu nikasikia buu, buu, buu, kama mtu anatwanga nyumba ya tatu. Nikajua mmesimama kurekebisha."

"Lakini watu wanacheza! Hujaona?"

"Wa mbele wamefurahi, ndiyo. Wa mbele wanacheza, mwanangu. Wa nyuma ndiyo wanaokula." Akanyoosha kijiko kuelekea meza za nyuma. Wateja wa pale walikuwa wameinamisha vichwa wanasikiliza kaseti ya jirani. Mmoja anaitikia kabisa.

Nilitamani nizame kwenye karai la mafuta.

Mama Shukuru akafikiri kidogo akasema, "Jumamosi ijayo, ya mwisho. Si kwa ajili yako wewe, kwa ajili ya Hawa."

Sasa wakuu, mimi nina tabia moja. Kitu kikinishinda ndiyo nakipenda. Shule ya jioni nilisoma kwa kibatari mpaka nyusi zikaungua, sembuse spika. Nikamwambia Hawa hatuondoki Singida hii mpaka jikoni wasikie.

"Sasa tuondoke twende wapi?" akasema. "Wewe piga gitaa."

Katikati ya wiki tukaomba ukumbi ukiwa mtupu. Tukapiga. Mama Shukuru akaita kutoka jikoni, "Nasikia kila neno! Hata kale kakikohozi ka Hawa nimekasikia!"

Mnaona huo uchawi? Ukumbi ule ule, amplifaya ile ile, volume ile ile. Jumamosi haisikiki, katikati ya wiki inasikika mpaka kikohozi.

Nikaanza kutoa nadharia. Nikasema ni mafuta yanavyochemka. Mama akaweka mafuta, yakachemka, akasema bado anasikia. Nikasema ni joto la hewa. Hawa akaniambia, "Ni joto la kichwa chako."

Tukiwa tunabishana, huku mimi napiga na yeye anaimba nusu nusu, akaingia mleta mkaa. Akashusha gunia lake pale pale mbele ya amplifaya, akasimama kujifuta jasho.

Jikoni Mama Shukuru akapaza sauti, "Mbona mmeacha?"

Hatukuwa tumeacha.

Mimi na Hawa tukatazamana. Nikaendelea kupiga. Nikamwomba mleta mkaa avute gunia pembeni. "Haya, nawasikia," ikatoka jikoni. Nikamwomba alirudishe. "Mmeacha tena!" Mleta mkaa akaniuliza kama nina akili timamu, maana gunia la mkaa si mtoto wa kubebwabebwa.

Hawa akaanza kucheka mpaka akakaa chini. "Binamu, gunia hilo ndiyo mashabiki wetu!"

Wakuu, ndiyo hivyo. Amplifaya ilikuwa sakafuni, spika inatazama magoti. Watu wakija kutunza, sauti inaishia kwenye mapaja na makanga. Uzuri wa sauti, maneno yenyewe, unamezwa na nguo na miili, inayopenya ni ile buu buu tu. Maana yake tukipiga vibaya, tunasikika ukumbi mzima. Tukipiga vizuri, watu wanakuja mbele, tunazimika. Tulikuwa tunajizima wenyewe kwa ubora!

Na huwezi kuwaambia watu wasije kutunza. Utakuwa umemtukana mtu. Halafu Hawa bila watu mbele yake haimbi, anasoma risala.

Dawa ilikuwa moja: sauti ipite juu ya vichwa.

Tukaanza kuinyanyua ile nyeusi. Tuliiweka juu ya meza, meza ikafungua miguu kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. Tukaiweka juu ya makreti ya soda, nikapiga nyuzi, chupa zote zikaanza kuitikia kabla ya watu. Nikasema tuining'inize kwenye kenchi. Mama Shukuru akatoka jikoni na mwiko.

"Hiyo? Kwenye paa langu? Bora nisisikie maneno kuliko kusikia bati."

Hapo ndipo nikaikumbuka ile ndogo ya kahawia, nyepesi kama ndoo tupu, imekaa rafuni na vumbi lake.

Kesho yake tukaiburuta ile nyeusi mpaka kwa Bwana Idi. Safari hii nilikwenda na gitaa, na Hawa, na maiki.

Bwana Idi hata hakusimama. Alinyoosha kidole kwenye kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

"Sirudishi," nikasema. "Nabadilisha. Nipe ile ya kahawia, uchukue hii."

Akavua miwani. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza. "Ile? Ile kila mtu anainyanyua na kuicheka. Wewe mwenyewe uliicheka."

"Nilikuwa mjinga wa wiki ile."

"Na mimi nitamuuzia nani hii iliyokwisha kuburutwa mji mzima?"

Nikamwambia atuache tuijaribu kwanza, nje kwenye baraza, halafu tuongee. Akakubali kwa sababu biashara ilikuwa imelala. Tukaipandisha ile ndogo juu ya kabati la kioo, nikachomeka gitaa. Haikuwa na ile sauti nene ya kutisha. Ilikuwa na sauti ya gitaa langu. Nyuzi zinasikika kama nyuzi, si kama zimekaangwa. Ina kitufe cha gitaa peke yake na cha maiki peke yake, kwa hiyo naweza kushuka mimi, Hawa akabaki juu. Nyuma ina sehemu ya kufunga waya wa betri ya gari. Yote hayo yalikuwepo siku ya kwanza, sikuyatazama, nilikuwa natazama uzito.

Hawa akaita wimbo. Nikamwomba Bwana Idi avuke barabara asimame upande wa pili. Watu wa sokoni wakaanza kujaa barazani, wakatuziba kabisa. Namwona Bwana Idi kule ng'ambo anatikisa kichwa na wimbo, midomo inatembea. Anaitikia.

Katika lile kundi alikuwepo baba mmoja wa makamo, koti limefungwa vifungo vyote juani. Nikamwamkia, akaitikia, akasema ametoka Issuna, anafungua kilabu chake na anatafuta chombo. Akaipita ile ya kahawia kama haipo. Akaenda moja kwa moja kwenye ile nyeusi. Akainyanyua.

Mgongo wake ukalia kwaa.

"Ehee!" akasema. "Hii ndiyo yenyewe."

Nikaona nisimfiche. "Mzee wangu, hiyo sauti ipo nzuri, lakini haibebeki. Itaua mtu."

"Ndiyo ninayoitaka. Kwangu haitatoka ndani mpaka siku ya kiama. Redio mbili nyepesi zimeshaibwa. Hii mwizi akiibeba tutamkuta hapo hapo mlangoni anahema."

Bwana Idi alivuka barabara mbio bila kutazama magari. Mambo yakaisha kiungwana, kila mtu akaondoka na chake. Na kusema kweli yule baba alichagua vizuri kuliko mimi. Alijua chombo chake kinakwenda kukaa wapi. Kwake watu wanakunywa wameketi kuzunguka kuta, katikati pako wazi. Pale ile nyeusi ilikuwa mfalme.

Jumamosi ya mwisho ikafika.

Tuliifunga ile ndogo kwenye kenchi kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, vile vya kufungia mizigo. Mpira unashika na hautetemeshi bati. Tuliiweka mbele yetu kidogo, si nyuma, kwa sababu ikiwa nyuma yako inaimba ndani ya gitaa na maiki, mnapata miluzi ya kutoboa masikio. Nikaiinamisha ielekee jikoni. Mama Shukuru aliikagua akasema, "Hiyo hata ikianguka itamfanya mtu apige chafya tu." Ndiyo ruhusa yenyewe.

Ukumbi ulijaa. Jirani akafungulia spika zake, makabati yote mawili. Mjomba mwenyewe alikuja, akakaa meza ya katikati, mikono kifuani, kofia kichwani.

Tukaanza. Wimbo wa kwanza watu wakatulia. Wa pili mama mmoja akainuka na kanga. Halafu mwingine. Halafu wote. Tukazungukwa kama wiki iliyopita, ukuta wa migongo na vigelegele, sioni meza, sioni mjomba, jikoni nimepasahau pako upande gani. Vidole vinapiga lakini najiuliza kama kule ng'ambo ni maneno au ni buu buu.

Hawa akaanza ule wimbo wake wa Kinyaturu, wa kuita. Akaita mara ya kwanza, wa mbele wakaitikia. Hiyo haikunisaidia, wa mbele siku zote wanasikia.

Akaita mara ya pili. Safari hii akanitazama, nikashusha gitaa mpaka likabaki kama pumzi.

Na nyuma ya ule ukuta wa watu, kutoka mwisho kabisa wa behewa, juu ya mafuta yanayochemka, ikaja sauti ya mwanamke mmoja, nene, haina hata haya, inaitikia neno kwa neno.

Mama Shukuru.

Meza za nyuma zikamfuata. Hawa akaita tena, jikoni wakaitikia tena. Nikiongeza chumvi nitasema Manyoni walisikia. Bila chumvi: jirani alizima redio, na wateja wake wakaja kusimama madirishani kwetu.

Kuku wa siku ile waliungua wote. Waliliwa vile vile, weusi, na hakuna aliyelalamika.

Tulipomaliza, Mama Shukuru hakuja kutoa hukumu yoyote. Aliita tu kutoka dirishani, "Hawa! Jumamosi ijayo muwahi, nataka na ule wa kwanza."

Mjomba akasimama, akavaa kofia vizuri, akampita Hawa bila kumsifia. Akafika mlangoni, akageuka kwa mkewe, mama yake Hawa, aliyekuwa anamfuata nyuma.

"Kuanzia sasa," akasema, "Jumamosi Hawa asipangiwe palizi."

Kwa mjomba wangu, wakuu, hizo ni sherehe.

Sasa wewe mdau uliyeuliza. Usianze na jina la kampuni. Anza na ukumbi wako na watu wake. Wakifurahi wanakuja mbele au wanabaki kwenye viti? Kama wanakuja mbele, tafuta nyepesi unayoweza kuinua juu ya vichwa, usiiache sakafuni. Nenda dukani na gitaa lako na mwimbaji wako, na mtume mtu asimame mbali, huku watu wamesimama katikati. Hakikisha gitaa na maiki kila kimoja kina volume yake. Umeme wa huko kwenu unaujua mwenyewe, kwa hiyo uliza habari ya betri. Sisi ile ndogo tulikuja kupigia harusi mpaka sehemu ambazo watu wake nguzo ya umeme hawajawahi kuiona. Na usinunue kitu cha masikio kwa kutumia mgongo.

Ukumbini kwenu mtu anayekusikiliza kutoka mbali kabisa anakaa wapi? Niambieni hapo chini, na kama kuna mwingine aliyewahi kununua kitu kwa kukinyanyua, ajitokeze tucheke naye. Nimeweka chai, nasoma kila mmoja.